Mashine Ikilia, Weka Jembe Chini

Kuna klipu ambazo ukianza kuzitazama saa nne usiku, unashtukia imefika saa nane. Mzee wa Kizungu yuko kwenye shamba lililolimwa, amevaa gambuti na hedifoni, anapitisha mashine juu ya udongo polepole kama mtu anayefyeka nyasi bila haraka. Mashine inalia. Anapiga magoti, anachimba, anafuta udongo kwa kidole gumba, na hapo kiganjani kuna uso wa mfalme aliyekufa miaka elfu iliyopita. Ukishuka kwenye komenti, Wakenya tayari wako hapo: hiyo mashine ni doo ngapi, na nikienda nayo Gedi ama Lamu nitapata nini?

Swali la kwanza utajibiwa na duka lolote la mtandaoni. La pili ndilo limenifanya niandike, kwa sababu jibu lake linategemea kitu ambacho klipu nyingi hazionyeshi: hiyo sarafu ilikuwa chini kiasi gani, na ilikuwa imelala na nini.

Mashine inasikia nini?

Kigunduzi cha metali ni binamu ya ile fimbo ambayo soja wa mall anakupitishia mwilini ukiingia. Ndani ya ile sahani ya chini kuna koili ya waya. Umeme ukipita kwenye koili unatengeneza uga wa sumaku unaobadilika kila mara. Uga huo ukigusa metali, unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na metali nayo inatoa uga wake mdogo. Mashine inalisikia hilo jibu, inalia. Haijui kama imepata dhahabu ya sultani ama kifuniko cha soda. Zile za bei hujaribu kukisia, lakini anayezitumia bado atachimba misumari na vipande vya mabati siku nzima.

Halafu kuna suala la kina. Kwa sarafu moja ndogo, mashine za kawaida zinafika sentimita 20 hadi 30 hivi, basi. Ukiwa ufuoni, ule mchanga uliolowa maji ya bahari unazichanganya hata zaidi, maana maji ya chumvi yanapitisha umeme. Kwa hivyo msee akikuambia mashine yake ya bei ya simu inaona sarafu moja mita tatu chini, huyo anakuuzia ndoto.

Ila kitu kikubwa kinasikika kutoka mbali zaidi. Kwenye kisiwa cha Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, jamaa wawili, Reg Mead na Richard Miles, walisikia hadithi ya mama mmoja kwamba zamani baba yake aliwahi kuokota sarafu za fedha shambani. Walilitafuta shamba, wakalipata, na mwenyewe akawaruhusu kupita na mashine kwa muda mfupi tu kila mwaka baada ya mavuno. Walirudi hapo kwa karibu miaka 30. Mwaka 2012 mashine ililia kwa nguvu. Kitu kilikuwa karibu mita moja chini.

Walipofikia ukingo wa kitu chenyewe wakaacha kuchimba, wakaita wataalamu. Lile lundo lilitolewa likiwa zima, bonge moja la udongo na metali, likapelekwa maabara. Kulitenganisha sarafu moja moja kulichukua miaka, kazi ikaisha 2017. Hesabu ilikaribia sarafu 70,000 za Wakelti, za karne ya kwanza kabla ya Kristo, na katikati yake mikufu ya dhahabu ambayo hakuna mashine ingeweza kuitofautisha kutoka juu. Mwaka 2021 serikali ya Jersey ilinunua hazina yote kwa pauni milioni 4.25.

Miaka 30 ya kutafuta, na siku walipopata wakaweka jembe chini. Ni wangapi kati yetu wangeweza hiyo?

Mpishi wa Frome

Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome kule Somerset, Dave Crisp alipata ishara ya ajabu shambani. Crisp hakuwa profesa. Alikuwa mpishi hospitalini. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hadithi za watu wasio na vyeti vya ukutani wanaobadilisha historia huwa nazisoma kwa makini.

Alichimba kama sentimita 30, akaona sarafu ndogo, halafu mdomo wa chungu. Hapo akasimama. Akafukia, akaita wataalamu wa akiolojia. Wakaja, wakakitoa chungu tabaka kwa tabaka, kila tabaka na mfuko wake na namba yake. Ndani kulikuwa na sarafu 52,503 za Warumi, uzito wa kilo 160 hivi.

Sasa ona faida ya kusimama. Mtu yeyote angedhani hiyo ni benki ya nyumbani: familia inaweka akiba kila mwaka, chungu kinajaa. Kama ingekuwa hivyo, sarafu mpya kabisa zingekuwa juu. Lakini kwa sababu tabaka ziliandikwa, walikuta sarafu nyingi za Carausius, yule jenerali aliyejitangaza mfalme Uingereza mwaka 286, ziko chini ya sarafu zilizozaliwa kabla yake. Maana yake chungu kilijazwa kwa mkupuo mmoja. Tena chungu chenyewe kilikuwa chembamba, kingepasuka kama kingebebwa kikiwa kimejaa. Kwa hivyo kilifukiwa kwanza, halafu watu wakamimina sarafu humo. Wataalamu wengine wakaanza kujiuliza kama ile ilikuwa sadaka kwa miungu, jamii nzima ikichanga pamoja, badala ya tajiri kuficha mali yake.

Kama Crisp angezimwaga zote kwenye ndoo akimbie nyumbani, tungekuwa na sarafu 52,503 zile zile, uzito ule ule. Hilo swali la sadaka lisingezaliwa kabisa. Na kuhusu doo, ondoa wasiwasi: hazina ilinunuliwa na makumbusho kwa pauni 320,250, Crisp na wenye shamba wakagawana.

Mwaka mmoja, mashimo mawili

Mfano unaouma zaidi ni wa mwaka 2015, kwa sababu ni kama historia ilifanya jaribio makusudi.

Mwezi wa Juni, karibu na Leominster, wanaume wawili kutoka Wales walipata hazina ya zama za Waviking: vito vya dhahabu, kipande cha fedha, na sarafu zinazokadiriwa kufika 300. Hawakuripoti. Walianza kuziuza kichini-chini. Miezi michache baadaye, mwezi wa Oktoba, jamaa mwingine anayeitwa James Mather alipata hazina ya wakati huo huo karibu na Watlington, Oxfordshire. Yeye akafunika shimo, akapiga simu, na hazina ikatolewa ndani ya bonge la udongo wake.

Ndani ya hazina zote mbili kulikuwa na sarafu za aina moja, adimu sana: zinaonyesha watawala wawili wameketi bega kwa bega. Ni mchoro uliokopwa kutoka kwa sarafu za Warumi. Sarafu hizo zilitolewa na wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia. Alfred unaweza kuwa umemsikia, Waingereza humwita Mkuu. Ceolwulf je? Hakuna anayemjua. Sababu ni kwamba kumbukumbu za wakati ule ziliandikwa upande wa Alfred, na ndani yake Ceolwulf ametajwa kama mpumbavu aliyekuwa kibaraka wa Waviking.

Sarafu zinasimulia kingine. Huwezi kutoa pesa za aina moja na mtu ambaye hamna mapatano naye. Hawa wawili walikuwa washirika katika miaka ya 870, pesa zao zikifanana, halafu mmoja akabaki na kalamu na mwingine akafutwa kwenye hadithi. Miaka zaidi ya 1,100 baadaye, vipande vidogo vya fedha vinamtetea marehemu.

Hazina ya Watlington ilinunuliwa kwa pauni milioni 1.35 na sasa iko makumbusho ya Ashmolean, Oxford, yeyote anaweza kwenda kuiona. Ya Leominster, polisi walifanikiwa kurudisha sarafu kama 30 tu. Zingine zimetawanyika, zimeuzwa, zimefichwa, nani ajuaye. Wale wawili walihukumiwa mwaka 2019: mmoja miaka 10, mwenzake miaka 8 na nusu, ingawa vifungo vilipunguzwa baadaye kwenye rufaa. Kinachouma hata zaidi ya jela ni kwamba wangeripoti, sheria yao ya mwaka 1996 ingewapa sehemu ya bei ya soko, kihalali, pamoja na mwenye shamba. Waliiba pesa yao wenyewe.

Sasa turudi kwetu

Mwambao wetu una miji iliyojengwa juu ya miji. Mfano mzuri ni Shanga, kisiwani Pate. Miaka ya 1980 timu ya Mark Horton ilichimba hapo kwa subira. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi misikiti midogo ya miti ambayo mianzo yake inarudi karne ya 8. Watu walikuwa wanajenga pale pale, kizazi baada ya kizazi, wakipanua. Na kati ya tabaka hizo kulikuwa na sarafu ndogo sana za fedha, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo, zenye majina ya Kiislamu ya watawala wa hapo.

Kwa nini hiyo ni kubwa? Kwa sababu kwa miaka mingi wasomi wa kikoloni walieleza miji ya Waswahili kama kitu kilicholetwa na wageni kwa jahazi, kikawekwa ufuoni kikiwa tayari. Tabaka za Shanga zinaonyesha kijiji cha hapa kikikua kuwa mji, hatua kwa hatua, na watu wake wakigonga pesa zao wenyewe. Hizo sarafu zikiwa kwenye meza ya muuzaji, ni vipande vya fedha tu. Zikiwa kwenye tabaka lao, ni ushahidi mahakamani.

Vuka uende Pemba. Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilipatikana hazina yenye sarafu zaidi ya 2,000 za fedha za watawala wa huku kwetu, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimiya wa Misri. Zile dinari zina tarehe, ya mwisho ikiwa ya miaka ya 1060. Sarafu za Waswahili wenyewe hazina tarehe. Umeona kilichotokea? Kwa sababu zilifukiwa pamoja na zikakutwa pamoja, dhahabu ya Misri iliipa fedha ya Pemba umri wake. Mtu akichomoa zile za dhahabu akauze, akaacha za fedha kwa sababu ni ndogo na zimechakaa, amezinyang'anya zote mbili mdomo.

Na kama unadhani pesa za kale zilikuwa kavu, angalia zile za shaba za Kilwa. Maneno ya upande mmoja yana vina na maneno ya upande wa pili. Sultani alikuwa anadondosha mistari kwenye chenji. Moja ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Kilwa Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Inakaa vizuri na tunachojua kuhusu dhahabu iliyokuwa ikitoka huko bara kuelekea Sofala na Kilwa.

Lakini kuna sarafu tano za Kilwa zilizosafiri mbali zaidi. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili, mwanajeshi wa Australia aliyekuwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, aliziokota kwenye mchanga pamoja na nne za Kiholanzi. Alizihifadhi kwenye mkebe hadi mwaka 1979 zilipotambuliwa. Kilwa hadi Australia! Nani alizipeleka? Waswahili wenyewe? Wareno? Mabaharia wa Asia waliozipata kwa kubadilishana mkono hadi mkono? Kila mtu ana nadharia yake. Ziliokotwa juu ya mchanga, bila tabaka, bila chungu, bila jirani wa kuulizwa, kwa hivyo zimenyamaza hadi leo.

Linganisha na sarafu ya Mambrui, hapo kaskazini ya Malindi. Mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking walipata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle, kati ya 1403 na 1424. Mwaka 2013 timu iliyokuwa na mwanaakiolojia wetu Chapurukha Kusimba ikatangaza nyingine ya mfalme huyo huyo kutoka kisiwa cha Manda. Ni wakati ule ule ambapo meli za Zheng He zilikuwa zinazunguka Bahari Hindi na twiga wa Malindi akapelekwa China mwaka 1415. Bado sarafu peke yake haithibitishi kwamba Mchina alikanyaga Mambrui. Pesa hutembea bila mwenyewe, wewe mwenyewe ushawahi kupata noti ya Uganda kwenye chenji. Ndiyo maana tabaka, vigae vya vyombo na mahali penyewe vinahesabika. Vinaweza kusaidia kusema sarafu ilianguka lini, na ikiwa na nani.

Tamaa haijaanza leo

Najua hoja itakayokuja: buda, wewe unaongea tabaka, sisi tunaongea kodi ya nyumba. Sawa, naielewa. Na tamaa hii ina mizizi. Tanzania hadi leo kuna watu wanaochimba usiku wakitafuta mali ya Mjerumani. Ndani ya uvumi huo kuna punje ya ukweli: mwaka 1916, Vita vya Kwanza vikiwa vimekata njia za kuleta pesa kutoka Ulaya, Wajerumani waligonga sarafu zao kwenye karakana ya reli Tabora. Kati yake kuna ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya milima, na zilitengenezwa 16,198 tu. Wakusanyaji wa dunia nzima huzigombania. Lakini kutoka kwa ukweli huo hadi kwa yule tapeli anayekuuzia ramani ya sanduku lililofukiwa, ama rupia yenye miujiza, ni safari ndefu, na wewe ndiye unalipa nauli.

Kisheria, Kenya iko wazi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa ama kuletwa hapa kabla ya 1895 kuwa cha kale. Vilivyo ardhini ni mali ya serikali, kuvitafuta kunahitaji leseni, na ukivipata unatakiwa kuripoti. Kwa hivyo ule mpango wa kwenda Gedi na mashine Jumamosi usiku si hobi, ni kesi.

Lakini hapa nina maneno na wakubwa pia. Kijana wa Mambrui akichimba shimo la choo akakutana na sarafu, leo anajua nini? Anajua kuna sheria ya kumshika, na anajua kuna broka wa kumpa elfu mbili. Nani amewahi kumwambia akipiga simu namba fulani atashukuriwa, jina lake litaandikwa kwenye kadi ya makumbusho, na atapata kitu mkononi? Waingereza hawakuwa malaika. Walitengeneza utaratibu ambamo kusema ukweli kunalipa kuliko kuiba, na Crisp na Mather wakafanya hesabu. Nasi tuweke zawadi inayojulikana hadi baraza la chifu, ofisi inayojibu, na sarafu zirudi kuonyeshwa Malindi na Lamu ambapo wajukuu wa waliozigonga wanaweza kuziona bila kupanda basi la kwenda Nairobi.

Mpaka hayo yaje, ukikutana na sarafu ya kale, fanya yafuatayo. Usiisugue, maana ule uchafu na kutu pia ni habari. Usichimbe kuangalia kama kuna zingine. Piga picha ikiwa pale pale, weka kitu kando yake kuonyesha ukubwa, andika mahali, kisha wapigie makumbusho yaliyo karibu nawe. Na kama iko chini sana, ndani ya chungu ama kati ya sakafu mbili za kale, mikono yako iwe mbali zaidi. Ardhi imeitunza miaka mia sita bila mlinzi. Itavumilia siku mbili zaidi hadi mtu mwenye brashi na daftari afike.